Bia za Wifi Hazina Ladha Kwenye Friji ya Mume Wangu

Mshauri mpendwa, salamu nyingi kutoka kwenye cherehani yangu. Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana ukiisha nitakuwa nimechelewa.

Mimi ni mshonaji wa mapazia na sare za shule, nafanyia kazi nyumbani, na mume wangu ni fundi wa friji aliyechoka kuzunguka na mkoba wa spana akafungua baa ndogo hapo mbele ya nyumba, na kwa kuwa ni fundi, friji ya baa yake haina mfano, bia ikitoka humo inauma meno, hata glasi anazigandisha, na wateja wamempa jina la Barafu, jina analolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa mdogo wake wa kike, yaani wifi yangu, alisomea kutengeneza bia, akaajiriwa kiwandani, akaacha, akapanga banda nyuma ya karakana ya seremala na humo anapika bia zake mwenyewe za aina nne kwenye mapipa yake. Mimi bia nilikuwa siipendi kabisa, niliionja siku ya harusi yetu nikaitema kwenye leso, lakini siku moja nilikwenda kumpimia wifi pazia la banda, jua kali, akanimiminia glasi ndogo ya bia ya ngano, ina ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, akaniambia, "Wifi, usiikimbize. Inuse kwanza, halafu iache ikae mdomoni." Mshauri, nilisikia ndizi mbivu! Nikamuuliza ametia ndizi ngapi, akacheka mpaka akakalia gunia la shayiri. "Hakuna ndizi humo, wifi, ni hamira tu inafanya mambo yake."

Tangu hapo kila Jumamosi mchana nakwenda, glasi moja tu. Nimeonja nyeusi yenye harufu ya kahawa na ya mkate ulioungua kidogo pembeni, nimeonja chachu iliyonikunja uso mpaka wifi akaogopa, kisha nikaomba niongezewe, na ile chungu, inayoacha ulimi mkavu utadhani umetafuna ganda la chungwa, nilipigana nayo wiki kadhaa na leo ndiyo naipenda kuliko zote. Nyumbani huwa naaga kwamba nakwenda kupima mapazia. Lile banda lina dirisha moja.

Shida yenyewe ni hii. Mume wangu alikubali kumuuzia mdogo wake bia hizo pale baa, akazipanga kwenye friji yake, na wateja wanazionja na kuzirudisha. Fundi viatu, ambaye hakosi pale jioni, alisema, "Haya ni maji yaliyokasirika." Mume wangu naye akaonja kwa namna anavyokunywa bia zote, mkupuo mmoja, macho kayafumba, kisha akamwita mdogo wake, akamwambia mbele yangu, "Mdogo wangu, nakupenda, lakini bia zako hazina ladha. Mwisho wa mwezi nazitoa. Uza hayo mapipa utafute kazi ya ofisini." Wifi alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi, na tangu siku hiyo hajapika bia nyingine.

Juzi nikachukua chupa ya nyeusi kwenye friji ya mume wangu nikaimimina nikaonja, na kweli haikuwa na kitu, baridi tupu, nikaiacha pembeni ya cherehani maana mteja alikuja kujaribu gauni na zipu ikatusumbua, nilipoirudia baridi ilikuwa imepungua, nikaonja, ikawa ile ile ya bandani, kahawa na mkate na kila kitu. Nilikwenda kwa wifi mbio na uzi ukining'inia shingoni. Akaniambia, "Najua, wifi. Nimejua tangu siku ya kwanza. Lakini kaka ndiye aliyenilea, na alinilea kwa kutengeneza friji. Nitamwambiaje kwamba baridi yake ndiyo inayoniharibia?" Akaniapisha nisiseme.

Nikisema, nimevunja kiapo, nimemvunjia mume wangu heshima, na itabidi nieleze nimejulia wapi habari za bia mimi niliyeitema kwenye leso. Nikinyamaza, mapipa yanauzwa. Usingizi sina. Nifanyeje?

Mshona Mapazia

MSHAURI ANAJIBU

Mama Mapazia, nimekuhurumia, lakini acha kwanza nikucheke. Dirisha moja, kila Jumamosi, na unapima kwa glasi! Mume wako amekula kwa kupima vitu maisha yake yote, na wewe unadhani hajui kuhesabu madirisha ya banda la mdogo wake. Huenda anasubiri tu umwambie mwenyewe.

Mtu mzima kujifunza kuifurahia bia polepole, glasi moja, akajua ya ngano ni ipi na chachu ni ipi, mimi sioni aibu yake, mradi unapokunywa mkasi uwe mezani na si mkononi. Aibu ni kumuaga mumeo kwa uongo kila wiki. Hiyo iache, na uiache leo.

Sasa huyo Barafu wako. Umeniandikia mwenyewe kwamba anakunywa bia zote kwa mkupuo, kafumba macho. Mwanamke wewe, hivyo ndivyo watu wanavyomeza dawa! Nina shaka mume wako hajawahi kuipenda bia hata siku moja, na baridi ile kali inamsaidia asiisikie. Amekuwa kama wewe ulivyokuwa siku ya harusi, ila yeye hakupata wa kumwambia anuse kwanza.

Kuhusu kiapo, wifi yako ana adabu na nampongeza, lakini amekosea. Aliona ugumu wa kusema akakufunga na wewe mdomo. Nenda kwake kwanza, umwambie waziwazi kwamba utasema, asije akasikia kwa mwingine.

Kisha kaa na mumeo kabla hajafungua baa, mkiwa wawili. Usithubutu kumfanyia majaribio mbele ya fundi viatu. Anza na lako: nimekuwa nakwenda kwa mdogo wako kunywa bia, na nimeipenda. Akikasirika, kaa. Akicheka, ndiyo nafuu yako. Halafu mletee ile nyeusi uliyoitoa kwenye friji mapema, muda unaotosha kushona pindo la pazia zima, uimimine kwenye glasi ya kawaida, isiyo na barafu, umwambie anuse na asiikimbize. Baada ya hapo funga mdomo. Usimweleze anasikia nini, mwache ajionee.

Akishaelewa, usimwambie friji yake ina kasoro, maana haina. Mpe kazi. Mwambie bia za mdogo wake zinataka baridi kidogo tu, isiyopanda wala kushuka, na hapa mtaani anayeweza kuunda friji ya namna hiyo ni yeye. Ile kubwa ibaki na bia zake za kila siku, fundi viatu aendelee kuumwa meno kwa raha zake.

Inawezekana akanuna siku mbili tatu, na hilo litapita. Lakini mkinyamaza, yeye mwenyewe ndiye atakayeyabeba yale mapipa na kuyapakia kwenye gari la mnunuzi, akiamini anamsaidia mdogo wake. Siku atakapojua kwamba mlijua, wewe na wifi yako, mkamtazama tu akipakia, mtamwambia nini? Nenda kaseme.