Mate Niliyokuwekea, Kagendo

Kwako Kagendo, mtoto wa dada yangu, huko Uhispania,

Mjomba wako bado anapumua. Na bado ndiye mtu wa pekee Mikinduri hii anayejua Kihispania, ingawa siku hizi sikiongei.

Unakumbuka tulivyoanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini? Masista wa Kihispania wa misheni ya Kiirua walikupa kaseti ya lugha yao ujiandae kwenda kwao kusomea unesi. Ukaja kwangu kwa sababu mwenye redio nilikuwa mimi. Betri zikichoka tulizianika juani kama mahindi. Ukaniambia, "Mjomba, uwe unanijibu. Nikisoma peke yangu nasahau." Tukakaa jikoni tukichambua maharagwe: *yo soy*, mimi ni, *tú eres*, wewe ni. Ukasema kwao kila kitu ni cha kiume au cha kike, hata meza ni ya kike. Nikauliza, "Nani aliiona ikizaa?" Ukacheka mpaka ungo ukamwagika.

Shule niliacha darasa la nne, mwalimu alikuwa ananiogopa. Lakini vile vitenzi nilivishika kuliko wewe. Hata fahali wangu alijua: nikimwita kwa Kimeru ananitazama tu, nikisema *ven* huyo anakuja. Na *borracho*, yaani mlevi, ulinifundisha wewe mwenyewe, ili tumseme jirani akiwa amekaa papo hapo anakunywa chai yetu.

Ukaenda. Ukarudi na mchumba na baba yake, waje wakuombe kwetu. Nilivaa koti. Sentensi yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe: *Yo soy el tío de Kagendo*, mimi ndiye mjomba wa Kagendo. Unajua msichana wetu hatoki kabla mjomba hajamtemea mate mikononi, kumbariki. Nikasimama mbele ya watu wote. "Leta mikono, mwanangu."

Yule mzee wa Kizungu akakuuliza kitu. Ukamjibu ukitabasamu, "*No es nada. Es un viejo borracho.*" Si kitu. Ni mzee mlevi. Mikono ukaitia mfukoni.

Kagendo, ulisahau ni nani aliyekuwa akigeuza ile kaseti?

Sentensi yangu niliimeza. Mama yako akanivuta koti, "Amesema nini?" Nikamwambia, "Anasema wageni wamechoka na safari." Nimedanganya watu maisha yangu yote wakacheka, lakini uongo ule peke yake ndio ulioniuma.

Sasa mama yako ananiambia una mimba, na unaomba baraka za mjomba, niziandike kwa barua. Leo umejua kwamba ni kitu? Mate hayaandikwi. Yanataka mikono, na mikono nijuavyo mimi iko mfukoni.

Ukiitoa, njia unaijua. Usipoitoa, kaa salama huko. Mate yako bado ninayo mdomoni, na yamekuwa machungu.

Mjomba wako,
ambaye siku ile hakuwa ameonja hata tone.