Kwa Baba Joyness na Gari Lake Lisilo na Paa

Mwaka umetimia, Baba Joyness, tangu asubuhi ile ya Juni tulipokupakia kwenye pikapu ya jirani yetu Adrian, na ukungu wa Igowole umefunika mpaka mlangoni. Hatukufika hospitali Mafinga ukiwa hai. Mimi mkeo, Ikupa, ndiye ninayeandika kwa niaba ya wote, na leo nasema jambo ambalo mwaka mzima nimeogopa kulisema.

Kwanza wanaosoma wakufahamu. Liberatus Kalinga, ulikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na mmoja. Kule kiwandani kila mashine ina daftari lake: tarehe, hitilafu, sababu, marekebisho. Ulipostaafu ukaja na ugonjwa huo nyumbani. Pampu ya maji ikapata daftari, cherehani yangu ikapata daftari, hata redio. Watoto wakakutania kwamba siku moja utawafungulia na wao. Hukumfokea mtu. Ukiudhika ulichukua spana moja ukaifuta na kitambaa mpaka inang'aa, halafu ukaomba chai.

Tulikuwa na miti yetu ya mbao, tuliyoipanda wenyewe ili siku moja tuiuze tuezeke nyumba upya. Siku ikafika, ukaenda Mbeya kuulizia bati. Uliporudi ulikuwa unatabasamu peke yako.

"Mama Joyness, nimepata."

"Umepata bati?"

"Nimepata gari. La Kiingereza. La spoti."

"Lina paa?"

Ukaomba chai. Sidhani kama kuna mwanamume mwingine Mufindi nzima aliyeuza mbao za paa akanunua gari lisilo na paa.

Lilikuwa la marehemu mume wa Bibi Veneranda, pale mtaa wa Forest, Mbeya. Milango miwili, viti viwili, fupi kiasi kwamba mtu analitazama kutoka juu kama anatazama beseni. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha abiria. Bibi alikuwa amewakatalia wanunuzi wa vyuma chakavu mara nyingi, akakuambia hatamuuzia mtu asiyeweza kuliwasha. Ukarudi kwake, ukahangaika nalo siku tatu, mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, ukisikiliza kama daktari. Siku ya nne likawaka, kuku wakaruka. Bibi Veneranda akalia, akakupa ufunguo na trei ya mayai.

Ukanipigia simu nije Mbeya, eti turudi nalo wote. Nilikuja. Nakiri kwamba mpaka Uyole nilikuwa najisikia bibi harusi. Kisha tukaingia barabara kuu kati ya malori, na hapo ndipo woga ulipoanza, na tangu siku ile haujanitoka.

Tairi za malori zilikuwa sawasawa na sikio langu. Nilikuwa naona uvungu wa tela, nyaya zake, matope yake. Dereva wa juu kule hakutuona kabisa, nilijua hatuoni, nami nikawa namwita Mungu kwa lugha ya kwetu, "Ee Kyala, Ee Kyala." Mvua ilipoanza nikafungua mwamvuli. Upepo ukauchukua, tukauacha mtaroni. Turubai la kukunja lilikuwepo, lakini panya walishalila. Tuliposimama Igawa watu wakatuzunguka kwa huzuni kabisa.

"Pole sana mzee. Paa limeng'okea wapi? Kule mlimani?"

"Na mama naye kapona! Mungu mkubwa," akasema muuza vitunguu, akanipa fungu la bure.

Wewe ulicheka mpaka Makambako. Mimi sikucheka. Pale Nyololo ukungu ulikuwa mzito hata sikuona pua ya gari letu lenyewe, na niliposhuka nyumbani nikaapa sipandi tena. Sikupanda tena.

Ulilipenda. Tuseme ukweli, ulilipenda kuliko lilivyostahili. Asubuhi ulilisalimia "Kamwene" kabla hujanisalimia mimi. Sakafu uliipiga mbao, turubai jipya ukalishona kwa cherehani yangu, ukavunja sindano tano. Watu wa Igowole walitoka nje kukupungia. Na kila ulipolichukua kwenda mbali, Mbeya kutafuta spea au Iringa kumwona mwanetu Lugano, mimi nilikaa jikoni nikisikiliza barabara. Nilishakuzika mara nyingi kichwani mwangu, Baba Joyness, kila mara chini ya lori.

Sasa nasema.

Ni wewe mwenyewe uliyenionyesha ile rota, Jumapili moja baada ya misa. Kipande cheusi, kinaenea kiganjani, ndicho kinachogawa moto kwenye plagi. "Hiki kikitoka," ukasema, "hata mzungu aliyelitengeneza haondoki." Hukujua umemwambia nani. Tangu hapo, kila uliposema kesho una safari ndefu, jioni nilikwenda bandani nikakitoa, nikakificha kwenye debe la mbegu za maharage. Asubuhi ulijaribu, ukajaribu tena, kisha ukaweka mkono juu ya boneti. "Mama Joyness, limekataa." Ukachukua jembe ukaenda shambani. Kesho yake nilikirudisha, gari likapona. Nilijiona mjanja. Nilifanya hivyo miaka minne.

Ile siku ya Juni ulikuwa uende Mbeya, kwa hiyo rota ilikuwa kwenye maharage.

Uliamka unatoka jasho, mkono wa kushoto hauna nguvu, kifua kinabana. Nikasema twende hospitali. Ukasema, "Ngoja nikawashe gari." Ukatoka kabla sijafungua mdomo. Nilikimbilia jikoni nikamwaga debe zima sakafuni, nikapapasa maharage kwa mikono miwili mpaka nikaipata. Nilipofika bandani ulikuwa umekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, sanduku la spana miguuni, huku umetulia. Ukanitazama.

"Limekataa, mama. Kamwite Adrian."

Rota ilikuwa kwenye ngumi yangu. Ngumi sikuifungua. Niliona haya, niliogopa, nikakimbia kumwita Adrian. Alikuwa analisha ng'ombe, pikapu yake iliwaka kwa shida, dakika zikapita. Ulifia mapajani mwangu, mkono wako umeshika mkono wangu wenye ile rota.

Mwaka mzima nimeifunga kwenye pindo la kitenge changu. Nimelala nayo. Padri aliniuliza kama nina neno, nikasema sina. Joyness alipolifungua gari akalikuta halina rota, akadhani imeibiwa, nami nikakubali kwamba imeibiwa. Nilikuwa naogopa wanangu wakijua mama yao ndiye aliyemuua baba yao, watanitazamaje?

Wiki iliyopita kaka yako Sosthenes alikuja kugawa vitu vyako, kama inavyotakiwa mwaka ukitimia. Koti likaenda kwake, ovaroli kwa Adrian, sanduku la spana kwa Lugano. Lugano akalifungua mbele ya watu wote. Chini kabisa kulikuwa na daftari la gari, na juu yake kitu kidogo kimefungwa kwa kipande cha kitenge. Kitenge changu cha njano, ambacho pindo lake lilikatwa nami nikawalaumu panya. Ndani kulikuwa na rota nyingine.

Joyness akaanza kusoma kwa sauti. Nilitaka ardhi inimeze.

"Tarehe nane Machi. Safari ya Mbeya. Hitilafu: halikuwaka. Sababu: mke wangu anaogopa. Marekebisho: nimebaki nyumbani, nimepalilia mahindi."

Akageuza ukurasa. "Hitilafu: halikuwaka. Sababu: ile ile. Rota ya akiba ninayo, sikuitumia." Kurasa na kurasa. Shemeji Sosthenes akacheka mpaka akaondoka kitini. Mimi nilikuwa nalia, ndipo nikafungua pindo la kitenge mbele yao, nikaiweka rota mezani, nikawaambia yote, mpaka ile ngumi. Hakuna aliyecheka tena.

Joyness akarudi kwenye daftari. Akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Mwandiko wako ulikuwa umelala upande, herufi zimeachana, lakini tarehe ilikuwa ile ya Juni. Kumbe nilipokuwa napapasa maharage, wewe ulikuwa unaandika.

"Hitilafu: gari halina hitilafu. Rota ya akiba ipo mkononi. Dereva anaogopa. Marekebisho: asiende peke yake."

Ungeweza kuliwasha ukaondoka, lakini mimi nilishaapa sipandi, ndiyo maana ukanituma kwa Adrian ili twende wote. Baba Joyness, miaka yote nilidhani nyumba ile ina mwoga mmoja.

Misa yako ya mwaka itasomwa Jumamosi hii saa tatu asubuhi katika kigango chetu, Igowole. Gari limewekwa rota yako ya akiba. Yangu ipo kwenye pochi pamoja na rozari. Joyness ataendesha. Kiti cha kushoto nimesema ni changu, na wameniuliza mara tatu kama nina hakika.

Unakumbukwa na mimi mkeo Ikupa, wanao Joyness na Lugano, kaka yako Sosthenes, dada yako Tekla aliyeko Mbeya, wajukuu wako, jirani yako Adrian, wafanyakazi wenzako wa kiwandani, na Bibi Veneranda, ambaye ametuma trei ya mayai.

Hutatutoka moyoni, Baba Joyness, siku zote tulizobakiziwa. Bado naogopa, lakini Jumamosi napanda.