Lulu ya Kombo

Doha, Ijumaa moja ya Januari, mwaka wa thelathini na mbili tangu niiache Tanga

Mdogo wangu Mwanaidi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo wewe ungeicheka. Mjukuu wetu Saada aliniuliza kwa nini wageni wa hoteli anakofanya kazi huziita nguzo zake zilizosokotwa "baroki". Nikampeleka sokoni kwa mzee muuza lulu, Mwarabu aliyejifunza Kiswahili katika safari zake za Pemba. Akafunua kitambaa chekundu, nikachagua lulu iliyopinda.

"Wareno ndivyo walivyoiita hii," nikamwambia Saada. "Kisha Ulaya wakalitumia neno hilo kuyakejeli majengo yenye madoido mengi, na Waingereza wakalipokea pamoja na kejeli yake. Leo ni sifa."

"Imepinda kama pua yako, Babu."

"Ndiyo pua iliyokuoa, mke wangu."

Muuzaji akainuka kunipa mkono wa pongezi za harusi. Saada alicheka hata akashindwa kumweleza utani wa babu na mjukuu. Mzee alipoelewa, akacheka kuliko sisi, kisha akasema ile lulu haikukosea kitu: ilikua kwa kufuata nafasi iliyoipata ndani ya chaza.

Nimekununulia hiyo hiyo. Saada atakuletea akija likizo. Ivae hata jikoni.

Umeniuliza kama nitakuja tukae sote katika nyumba ya Mama. Nami nimekua kwa kufuata nafasi niliyoipata, na nina furaha. Mungu akupe afya na majirani wema. Sitarudi.

Kaka yako, Athumani