Hatua ya Nthabeleng

Johannesburg, 4 Machi

Mama mpenzi,

Habari za huko milimani Lesotho? Magoti yanasemaje? Mimi mzima wa mwili, ila moyo uko kwa Nthabeleng. Mwanangu anakaribia miaka miwili na bado hasimami.

Mtoto wa bosi wangu, Luca, naye ana miguu mizito. Kila Jumanne huja mama mmoja na mfuko wa vitu vya kuchezea, na anayefundishwa ni mimi, yaya. Nakaa zuliani, napuliza mapovu ya sabuni ayafuate, naweka mpira mbali kidogo ajiinue. Unaona mchezo, kumbe miguu iko kazini. Nasikia kliniki ya huko nayo ina mtu wa namna hii, anakwenda majumbani. Akija, mkaribishe.

Mwanao, Keneuoe

Mokhotlong, 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo, baridi tu imeanza kupiga hodi.

Huyo mtu wako alikuja, Bi. Limpho. Mtu mzima na cheti chake, akalala kifudifudi sakafuni kwangu akabweka! Nikamuuliza, "Mama, serikali inakulipa kwa hili?" Akanijibu, "Njoo ubweke na wewe, nkhono, mjukuu anataka bibi anayebweka." Nthabeleng alicheka, sikatai.

Ametuachia mpira na vikombe vya rangi, vizuri mno. Nimevifungia katika kabati la vioo pamoja na sahani za wageni, visichakae. Mtoto yuko mgongoni kwangu, ndani ya blanketi. Mjukuu niliyeachiwa simweki kwenye sakafu ya barafu.

Mama yako

Johannesburg, 20 Aprili

Mama, shikamoo. Natumaini baridi haijakuzidi.

Vitoe vile vikombe, nakusihi! Sahani hazihitaji kutembea. Mweke mtoto chini, nawe ukae naye. Nimeomba ruhusa nije nikuonyeshe. Madam amesema nisubiri mpaka Luca atembee.

Mwanao, Keneuoe

Mokhotlong, 15 Agosti

Mwanangu,

U mzima? Nimekawia kwa aibu. Bi. Limpho alinieleza taratibu kwamba miguu ya mtoto haina ugonjwa, imekosa kazi tu, kwa kuwa mgongo wangu umeifanyia yote. Nililia.

Sasa kabati liko wazi na mimi niko sakafuni. Kukaa naweza, kuinuka ndiyo shughuli. Jirani huja kuniinua, na hodi yake ni, "Gunia langu la mahindi liko wapi leo?"

Na jana Nthabeleng alisimama kwa kushika kiti, akaachia mkono mmoja! Atatembea wakati wowote.

Mama yako

Johannesburg, 3 Septemba

Mama yangu,

Asante, asante. Hujambo? Magoti je?

Luca ametembea. Alimpita mama yake, akaja kunishika magoti mimi. Wote wakapiga makofi. Nikalia, wakadhani ni furaha.

Nimepewa likizo ya Krismasi. Mama, nakuomba jambo, usinicheke. Nthabeleng asitembee kabla sijafika. Akiachia kiti, mdake. Hatua ya mtoto wa watu nimeiona kwa macho yangu, ya mwanangu nisije nikasimuliwa.

Mwanao, Keneuoe

Mokhotlong, 28 Novemba

Keneuoe mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi si salama.

Nilifanya ulivyoomba. Kila alipoachia kiti nilimdaka. Mwanzoni alikasirika, akanisukuma na kunipiga vikofi. Baadaye akaacha kupiga. Halafu akaacha kiti chenyewe.

Sasa nampulizia mapovu, anayatazama tu yakipasuka. Naweka mpira mbali, hauendei. Namwambia, "Haya, nenda, nkhono hakushiki tena." Anakaa, ananitazama usoni, kisha ananyoosha mikono nimbebe. Bi. Limpho amesema miguu iko tayari na tuanze upya, polepole. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Wewe uliomba kwa uchungu wa mama, sikulaumu. Lakini mimi nilikuwepo, nilimwona akitaka kwenda, nikamzuia. Najuta, mwanangu, najuta sana.

Usingoje Krismasi. Njoo umwambie mwenyewe kwamba anaruhusiwa.

Mama yako