Popo Ndani ya Jani la Mgomba

Mjukuu wangu Kerubo,

Usicheke: babu yako ni kaka yangu, kwa hivyo mimi ni nyanya yako hata kama bado navaa sare ya shule. Huku Nyamache hatujambo.

Umeuliza kati ya popo na kipepeo nani bora. Juzi mama alitaka kukata jani changa la mgomba, bado limejikunja, afunikie ndizi sufuriani. Nikachungulia ndani: popo mdogo kama kidole gumba, amelala.

"Mama, usikate!"

Unajua vile mimi huogopa kuongea. Mama akacheka. "Popo? Angekuwa kipepeo ningekuelewa."

"Kipepeo anapendeza, lakini viwavi wake wametumalizia majani ya mlimau. Huyu analala tu, jani linabaki zima."

Mama akahamia mgomba mwingine. Jioni nikamsikia akimwambia jirani, "Huyu msichana wangu ana maneno!"

Kwangu, popo ndiye bora.

Nyanya yako,
Moraa