Kifuko Kutoka Mgwashi

Lukozi, 3 Juni 2024

Mke wangu mdogo Yudith,

Onga mshi; nakusalimu kwa Kisambaa usije ukakisahau huko. Mimi mumeo mzee sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linanijibu vibaya kuliko bibi yako. Bibi yako mzima, anakusalimu, anauliza kama huko unakula au unatazama tu. Ng'ombe amezaa dume. Nimempa jina Kanada kwa heshima yako, na tangu apewe hilo jina anapiga teke kila mtu.

Hii naiandika kwa kalamu, halafu Mbaraka wa duka la fotokopi anaipiga picha na kukurushia kwenye simu. Ya kwako ikija, ananisomea kwa sauti kwa sababu macho yangu hayapatani na herufi za kwenye kioo. Pale stendi vijana wa pikipiki wanazima injini wasikilize. Kwa hiyo ukiwa na siri ya mchumba, iandike kwa mafumbo.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini jambo hili nimelisikia vizuri. Chuo kimefunga, wewe badala ya kupumzika umekwenda porini kuhesabu miti, na unalala hemani. Wewe uliyekuwa ukipanda juu ya meza ukimwona mbuzi! Mbaraka amenionyesha picha ya dubu. Amesimama kwa miguu miwili kama mmisheni aliyevaa koti la manyoya. Nimecheka pale dukani. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Anakula nini huyo? Nijibu, na usinifiche.

Mumeo wa kwanza,
Babu Sefania


16 Juni 2024

Babu, shikamoo. Bibi naye shikamoo.

Mimi mzima, baridi tu. Mtandao naupata tukishuka mjini, kila Jumapili ya pili. Kambini hakuna kitu, ni redio ya kuongea na ofisi.

Umeuliza dubu anakula nini. Anakula kila kitu, babu. Matunda, samaki, mizizi, chakula chetu. Kwa hiyo jiko letu liko hatua mia moja kutoka kwenye mahema. Chakula chote, hata chumvi, kinafungiwa kwenye sanduku la chuma lenye komeo la ndani ambalo kucha haziwezi kulifikia. Tukienda kulala mbali na kambi, tunakitia kwenye mfuko na kuuning'iniza kwa kamba katikati ya miti miwili, juu kuliko paa letu. Hakuna anayekula hemani. Nalala na mwenzangu mmoja, anaitwa Kamila, ni mpole, anakoroma.

Jumatano tulikuta nyayo kwenye tope kando ya jiko. Niliweka buti langu ndani ya unyayo mmoja, likabaki na nafasi. Kwenye sanduku rangi imechubuka kwa kucha, mistari mitano mitano. Kamila alinishika mkono, hatukuachana mpaka tulipofika hemani. Usimwambie bibi.

Mjukuu wako,
Yudith


Lukozi, 18 Juni 2024

Mke wangu,

Marahaba. Bibi yako ameshajua. Stendi nzima imejua. Ila barua hii Mbaraka haisomi kwa sauti. Nimemwambia akifungua mdomo nitamweleza mkewe anakokwenda kila Alhamisi.

Hatua mia moja kutoka kwenye chakula! Huku mahindi yako darini, juu ya kichwa changu. Nikigeuka kitandani yanajua. Haya, ni nchi yao.

Sasa sikiliza, hapa sitanii. Jana nilimwambia bibi yako nakwenda kuangalia mbegu za viazi. Nilikwenda Mgwashi kwa mzee Fanueli. Usinune. Najua mimi ni mzee wa kanisa, najua mchungaji anasemaje juu ya waganga. Lakini mchungaji hana mjukuu kwenye hema la kitambaa. Fanueli amenitengenezea kifuko, kimeshonwa kwa kaniki nyeusi. Anasema kwa kifuko hicho mnyama mwenye kucha akikusogelea anakuona kama jiwe. Ndani ni mizizi tu.

Sesilia, yule binti wa jirani anayesoma uuguzi huko, anaondoka Alhamisi. Atakitia posta akifika. Kikikufikia, kiweke chini ya mto wako. Usikifungue. Usimwambie mtu. Na kisilale nje ya pale ulipolala wewe, hata usiku mmoja, maana kikilala peke yake kinakufa.

Nifanyie hili, Yudith. Sijawahi kukuomba kitu.

Babu yako


30 Juni 2024

Babu, shikamoo.

Sisi wazima, ingawa tumechoka kuogopa. Kifuko hakijafika. Gari la mizigo huja kila Alhamisi, labda litakileta. Nitafanya ulivyosema.

Wiki iliyopita dubu alipasua hema kambi ya jirani. Chakula hakikuwemo, babu. Yule kijana alisahau mafuta ya kupaka mdomo kwenye mfuko wa suruali, kichupa kisichozidi kidole kimoja. Alikuwa amekwenda kuoga, ndiyo pona yake. Sasa tumekaziwa sheria zaidi. Dawa ya meno, sabuni, nguo tulizopikia, vyote vinalala sandukuni. Wanasema pua ya dubu inanusa mafuta kutoka Lukozi hadi Lushoto mjini, na asali ndiyo humtia wazimu kabisa.

Bibi akiwa na wasiwasi, namba ya ofisi yetu nimeituma pamoja na barua hii. Wanaweza kutuita kwa redio saa yoyote. Ila wanaongea Kiingereza tu. Mimi nitashuka tena tarehe 14.

Mjukuu wako,
Yudith


Lukozi, 1 Julai 2024

Yudith,

Hujambo? Nasema hujambo kwa mazoea.

Nilikudanganya. Ndani ya kile kifuko si mizizi tu. Fanueli aliikandia kwa mafuta ya mkia wa kondoo na asali ya msituni, vijiko viwili, mbele ya macho yangu. Nilimwambia aongeze.

Kitupe. Kikifika usikiingize hemani. Kitie kwenye lile sanduku la chuma, au kizike mbali, au kitupe mtoni. Kikifa na kife.

Mbaraka amenisomea barua yako saa nne asubuhi, na maneno ya hapo juu ameshayatuma. Anasema tiki ni moja. Ameniambia tiki moja maana yake wewe hujaiona. Nimekaa hapa dukani hadi adhuhuri nikiangalia hiyo tiki.

Babu


Lukozi, 5 Julai 2024

Yudith,

Bado tiki moja. Jana ilikuwa Alhamisi. Labda gari liliharibika. Huku magari yanaharibika kila siku, sijui kwa nini huko yasiharibike.

Namba ya ofisi ninayo, nimeikunja kwenye kofia. Walimu wako likizo. Aliyebaki mwenye Kiingereza cha kutosha ni mchungaji. Nimekwenda kwake jana, nikafika hadi mlangoni. Akatoka, akasema, "Karibu, mzee Sefania, una shida gani?" Nikamwomba miche ya kabichi. Akanipa miche ishirini. Nimeipanda. Sikuwa na haja ya kabichi.

Nikimweleza ataniuliza kifuko kimetoka wapi. Nitafungiwa meza ya Bwana, nitasimamishwa mbele ya watu kama kijana aliyempa msichana mimba. Nina miaka sabini na sita.

Simu ya Sesilia haipatikani; labda alisahau kukitia posta. Mtoto yule ni msahaulifu tangu zamani. Mungu amzidishie usahaulifu.

Babu


Lukozi, 7 Julai 2024

Yudith,

Leo baada ya ibada nimemwambia mchungaji. Yote, mpaka vijiko. Hakunikemea. Alichukua simu palepale, kanzu bado mwilini, akapiga. Alipokea mama mmoja. Mchungaji akaongea Kiingereza, mimi namwangalia mdomo.

Nikauliza, "Anasemaje?"

"Amenyamaza."

"Amekata?"

"Hapana. Ameuliza mara mbili kama ni mfuko mdogo wa kitambaa cheusi. Nimemwambia ndiyo. Sasa amenyamaza."

Halafu huyo mama akasema watakuita kwa redio, akakata. Mchungaji amepiga tena mara nne. Haipokewi.

Yule mama amejuaje kuwa ni cheusi? Mchungaji hakumwambia rangi. Bibi yako amekaa jikoni, hajawasha moto.

Nijibu.


14 Julai 2024

Babu, shikamoo.

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa ajili ya bibi.

Kifuko kilikuja Alhamisi ya tarehe 4. Kilinuka moshi wa jikoni kwetu, nikakibana puani nikalia. Kamila akauliza ni nini, nikamwambia ni kitambaa cha bibi. Kilinuka na mafuta, babu, sitasema sikusikia. Sheria nilizijua. Lakini wewe hujawahi kuniandikia mstari mmoja bila utani, na safari ile uliandika, "Nifanyie hili." Nikakiweka chini ya mto.

Jumamosi tulikwenda kazini. Kamila alibaki hemani, tumbo lilikuwa linamsokota. Saa sita mchana, jua linawaka, dubu alipasua hema upande wa mto wangu. Kamila alikuwa hatua moja kutoka hapo. Alipiga kelele, dubu akampiga mara moja tu, begani. Mpishi wa kambi akaja na kopo la dawa ya pilipili, akampulizia dubu usoni mpaka akaondoka. Mto wangu waliukuta kichakani, na kitambaa cheusi kimetafunwa.

Kamila yuko hospitali. Madaktari hawajui kama mkono wa kulia utainuka tena. Ndio anaoandikia.

Watu walisema ni yeye aliyeficha peremende. Na mimi nilinyamaza, babu. Usiku mzima na nusu ya siku niliwaacha waseme hivyo, yeye yuko na bomba la damu mkononi. Jumapili redio ikaita jina langu. Ndipo nikasema. Wameniondoa kambini, na ni haki yao.

Leo nimesoma barua zako zote kwa pamoja. Nimeziangalia tarehe. Nimemweleza Kamila yote, naye ameniuliza swali moja: "Babu yako alijua?" Sijamjibu. Sitaki kumjibu kwa niaba yako.

Yudith


Lukozi, 22 Julai 2024

Yudith, nakuomba umsomee Kamila karatasi hii kwa lugha yake. Usilainishe neno, na usiniongezee machozi ambayo sikuandika.

Binti Kamila,

Salamu kutoka Lukozi. Habari za mkono? Umelala? Vidole vinacheza? Kwetu kila barua huanza kwa kuuliza hali, na mara nyingi anayeuliza hangoji kujibiwa. Leo nauliza na nangoja.

Mimi ni mzee mwenye kupenda mzaha, Yudith atakwambia. Kwako sina mzaha.

Uliuliza kama nilijua. Kifuko kilipoondoka hapa sikujua. Nilidhani nawalinda, na nilidanganya kilichomo ili Yudith asibishe. Tarehe moja Julai, saa nne asubuhi, nikajua. Namba ya ofisi yenu nilikuwa nayo. Nyumba ya mchungaji iko ng'ambo ya shamba langu la maharage, hata kwa goti langu ni robo saa. Kifuko kilikuwa hakijafika. Wewe uliumizwa Jumamosi. Mimi nilikwenda kusema Jumapili.

Siku hizo sita sikuwa namwogopa dubu. Niliogopa kusimama mbele ya kanisa nikatazamwa.

Jana nimesimama. Mchungaji akasoma jina langu na kosa langu, nikasema ni kweli. Mama mmoja akakohoa. Nikaambiwa nikae, nikakaa. Aibu yenyewe ilikuwa fupi kuliko ubeti mmoja wa wimbo.

Sefania,
babu wa Yudith