Mama Uliyemzika Goziba

Tata,

Naandika Tata kwa kuwa ndivyo nilivyokuita, baba yangu, tangu nijue kusema. Ningekuwa na jina jingine la kukuita leo, ningelitumia.

Tangu tukuzike, mambo ya Kagondo ni haya. Kaka yako ndiye anayepalilia kibanja, shamba letu la migomba. Kahawa imechumwa. Mimi bado nafundisha darasa la pili. Dada yako Koleta hakanyagi tena kwangu, na kaburini kwako sijafika tangu mwezi wa pili.

Nilikuwa nakutafutia misa, na hilo ndilo linaloniuma. Padri alisema tunaweza kuwaombea wewe na Mama pamoja, siku aliyokufa Mama, nikimletea tarehe. Sikuwa nayo. Kwetu watu huzikwa kibanjani, lakini Mama hakuwa na kaburi, na wewe ulinieleza mara moja tu: mwaka wa Uhuru alikwenda kisiwani Goziba kuwauzia wavuvi ndizi, akashikwa homa, akazikwa huko huko. "Goziba si mahali pa mtoto wa kike," ulisema. Nilikuwa na miaka mitano. Nikaamini mpaka nikafika ishirini.

Mapadri wa mjini wana chumba cha magazeti ya zamani, pamoja na lile la Kiswahili ulilokuwa ukinunua. Nilikwenda kusoma safu ya vifo. Siku mbili nzima nilipitisha kidole kwenye majina ya wafu wa Bukoba na Muleba, na Mama hakuwemo. Siku ya tatu, kwa kuchoka tu, nikaanza kusoma salamu ambazo watu walikuwa wakituma Krismasi. Gazeti lilikuwa la mwaka mmoja baada ya Uhuru.

"Anastazia binti Klementi, wa Kimwani, anamsalimu mwanawe Yustina aliye kwa baba yake, Kagondo. Mama yako ni mzima."

Nilisoma mara ngapi, sijui. Nikafungua Krismasi iliyofuata. Ipo. Na iliyofuata. Salamu saba, Tata. Mwaka wa nane hakuna.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusomea gazeti Jumapili baada ya misa? Majirani wameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, mimi nimeegemea goti lako. Salamu za watu wengine ulizisoma zote, hata za wasiojulikana. Nilipoanza kusoma mwenyewe nikakuta kurasa nyingine zina tundu la mraba, limekatwa kwa wembe. Nikakuuliza. Ukasema, "Ni tangazo la mnada wa kahawa, nimeliweka." Ulimkata mama yangu kwa wembe, kisha ukanipa karatasi iliyobaki nifunikie daftari la shule.

Kwa shangazi Koleta sikuketi. Nilimwuliza nikiwa nimesimama mlangoni, naye akatazama chini. "Kaka alituapisha," alisema. "Alisema ukijua utamfuata." Ndipo akanieleza ulivyompiga Mama mpaka mkono wake ukavunjika, ulivyomfukuza mikono mitupu, mimi nikilia ndani, na ulivyoapa kwamba akionekana Kagondo utamkata panga. Ukoo mzima ulijua. Jirani aliyesoma gazeti hilo alijua. Wote walikula kwetu, wakanisifu nilivyokua, wakanyamaza.

Nilipanda basi la Muleba, kisha lori, nikafika Kimwani. Nilimkuta kwenye shamba la kijiji cha ujamaa, akipalilia mahindi na wenzake. Mkono wa kulia haukupona sawa; hushika jembe kwa wa kushoto. Nikataja jina langu. Aliweka jembe chini, akapindua sikio langu, akaliona kovu la moto lililoko nyuma yake, akakaa chini palepale kwenye mahindi.

Salamu zile alikuwa akiandikiwa na katekista. Katekista alipohamishwa, akakosa wa kumwandikia. Sasa anakwenda darasa la watu wazima, anaweza kuandika jina lake na langu. "Nilidhani umezisoma ukakataa kunijibu," aliniambia. Miaka yote hiyo aliishi akidhani mwanawe amemkataa. Mkono uliouvunja ni wake, akitaka kukusamehe akusamehe. Hili la salamu ni langu, na sikusamehe.

Kabla sijaondoka aliuliza, "Alikufa kwa taabu?"

Ulikufa kwa taabu, Tata. Wiki tatu ulilia kama mtoto, na mimi ndiye niliyekugeuza, nikakuosha, nikakulisha uji kwa kijiko. Nilimwambia, "Hapana, Mama. Alilala tu." Alitikisa kichwa taratibu, akaendelea kumenya ndizi. Nadhani hakuniamini.

Misa nimemwachia kaka yako aitishe. Shule zikifungwa nahamia Kimwani. Wamejenga shule na walimu hawatoshi. Kagondo sirudi.

Basi kwaheri. Sikuombei pumziko, sina moyo huo kwa sasa. Ninakuahidi jambo moja tu. Uongo niliomwambia Mama ndio wa mwisho kusemwa katika nyumba hii kwa ajili yako. Nikizaa, na wanangu wakauliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani, nitawaketisha na kuwaambia.

Yustina